Kuchagua Ulimi wa Klarineti na wa Zumari

Tulipovizungukia vikundi vya visiwani na vya bara, kuanzia Mokowe hadi Mpeketoni, tuliulizwa swali ambalo hatukulitarajia. Kikundi kimoja cha vijana kina klarineti mbili za mitumba, nao hualikwa kupiga harusini na kwenye sherehe za shule. Mweka hazina wao alitufungulia daftari. Mapato ya harusi tatu yalikwenda Mombasa kununua sanduku moja la ndimi kumi, na kabla mwezi haujaisha ndimi saba zilikuwa zimetupwa. Wengine wakasema mpigaji ni mharibifu, ati anazitafuna. Mpigaji naye akasema ananunuliwa vitu vibovu. Kikundi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya vipande vya tete. Ndiyo maana tumeliweka jambo hili katika somo.

Kwanza tuelewane kuhusu ulimi wenyewe. Ni kile kipande chembamba kinachofungwa mdomoni mwa klarineti, kinachotetema mtu akipuliza. Sauti huanzia pale. Siwa zetu, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, hazina ulimi. Midomo ya mpigaji ndiyo inayotetema. Zumari inao, tena wa pande mbili zinazogongana, nao hutengenezwa kwa jani la jamii ya mnazi lililokunjwa na kufungwa kwa uzi kwenye kibomba kidogo cha chuma. Wa klarineti ni wa upande mmoja tu. Hukatwa kutoka kwa aina ya tete linaloota pwani za bahari ya Mediterania, hasa kusini mwa Ufaransa. (Mwili wa klarineti lakini ni wa kwetu Afrika Mashariki: klarineti nzuri nyingi huchongwa kwa mpingo, na mpingo mwingi hutoka Tanzania na Msumbiji.)

Sasa tuje kwenye namba. Kila sanduku limeandikwa namba, kama 2, 2 na nusu, 3, na kuendelea. Watu wengi hudhani namba kubwa maana yake ni bora zaidi. Sivyo. Namba inaonyesha ugumu tu. Anayeanza aanze na 2 au 2 na nusu. Mdomo na pumzi zikishazoea ndipo apande. Kijana wa miezi mitatu ukimpa namba 4 atapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame na sauti itatoka kama upepo wa dirishani. Jambo jingine la kuangalia: viwanda havilingani. Namba 2 na nusu ya kiwanda kimoja inaweza kuwa gumu kama 3 ya kingine. Kwa hivyo mkipata aina inayowafaa, andikeni jina lake na namba yake katika daftari la kikundi, na anayetumwa Mombasa abebe karatasi. Asitumwe kwa mdomo tu.

Hata ndani ya sanduku moja ndimi hazifanani, maana tete ni mmea. Katika kumi, wapigaji wengi hutarajia chache nzuri sana, chache za mazoezi, na moja mbili za bure. Huu si wizi wa mwenye duka. Lakini tukiangalia daftari la wale vijana, zile saba zilizotupwa hazikuwa mbovu zote. Nyingine zilitupwa siku ya kwanza kwa kutojaribiwa vizuri.

Kujaribu kuna utaratibu wake. Utazame ulimi ukiwa mkavu: rangi iwe ya manjano ya majani makavu, madoadoa ya kahawia hayadhuru. Ukiwa na ukijani, tete halikukomaa, hautadumu. Uinue kwenye mwanga wa jua. Utaona kivuli katikati na weupe pembeni. Kivuli kikae sawa kushoto na kulia. Nyuzi zinyooke mpaka nchani. Kisha ulaze mgongo wake juu ya kioo. Ukichezacheza, umepinda.

Hapo ulowanishe dakika moja au mbili kwa maji safi, uufunge ncha yake ikiwa sawasawa na ncha ya mdomo wa klarineti, na upulize taratibu kwa dakika tano tu. Ukiwa mgumu sauti inakuwa na upepo mwingi na mpigaji anachoka upesi. Ukiwa laini sauti inakuwa nyembamba kama ya nzi, na noti za juu zinakataa. Mgumu una dawa: laza msasa laini kabisa juu ya kioo, usugue mgongo wa ulimi mara chache, ujaribu tena. Haraka haraka hapa ni hasara, kwa sababu ulichosugua hakirudi. Laini dawa yake ni ngumu zaidi, mwacheni mwanafunzi autumie.

Baada ya hapo wekeni alama ya penseli, 1, 2, 3, 4, na mpigaji azitumie kwa zamu, siku hii huu, siku ile ule. Ulimi mpya ukipigwa saa tatu harusini siku ya kwanza unakufa. Hilo ndilo lililowamaliza wenzetu, si meno.

Hewa yetu nayo ina mambo yake. Wakati wa masika unyevu ni mwingi na ulimi uliofungiwa ukiwa umeloa huota ukungu. Kaskazi ikivuma hewa hukauka na ulimi hupinda. Mkishamaliza kupiga, ufuteni mate, ulazwe juu ya kitu bapa mpaka ukauke, ndipo uwekwe kwenye kikebe chake.

Kuna ndimi za plastiki pia. Moja hugharimu mara kadhaa zaidi ya ile ya tete, ila inadumu miezi, haihitaji kulowanishwa na haijali kusi wala kaskazi. Wapigaji wengi husema sauti yake si tamu sana. Kwa kikundi kilicho kisiwani, ambako duka ni safari ya mashua na basi, sisi tunaona plastiki moja ya akiba ni busara, na za tete zitumike kwa siku kubwa.

Kwa wapiga zumari, hamna gharama ya duka, lakini kuna hatari nyingine. Mzee anayejua kukunja lile jani akiondoka, ujuzi unaondoka naye. Vijana wakae naye wakiwa na kisu na uzi, wakunje na kuharibu mpaka wapatie. Kwenye ngoma ya kirumbizi hakuna anayetaka kusikia zumari imenyamaza katikati.

Neno la afya. Ulimi haukopeshwi. Mate hubeba mafua na vidonda vya mdomo, na ulimi wa zumari huingia wote kinywani. Klarineti mkiishirikiana, kila mtu awe na ulimi wake, na mdomo wa klarineti uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya mwingine. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende zahanati apimwe kifua kikuu, na apumzike kupiga mpaka ajue hali yake.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Nani anakata shauri kwamba ulimi umeharibika: mpigaji peke yake, au mpigaji na mweka hazina wakiwa pamoja?

2. Katika mapato ya kila harusi, mtatenga kiasi gani kwa ajili ya ndimi kabla ya kugawana?

3. Hapa kijijini petu nani anajua kutengeneza ulimi wa zumari, na ni kijana gani ameshakwenda kumwomba amfundishe?