Taa ya Mganga wa Meno

Kidonda cha mkono hupona, na mfupa uliovunjika huunga, lakini jino likiisha kutoboka halijifungi tena. Vijidudu vya kinywani hula sukari iliyoshika menoni, na katika kula kwao hufanya tindikali iyeyushayo jino. Basi mganga wa meno huondoa sehemu iliyooza, kisha huliziba tundu.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia watu wengi walizibwa meno kwa zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Kizibo hicho huwa kigumu chenyewe, nacho hudumu sana. Ila rangi yake ni ya kijivu, tena zebaki ni sumu. Mwaka wa 1962 mtaalamu wa Marekani, Rafael Bowen, alipewa hati ya uvumbuzi wa dawa nyingine ya kuzibia, iliyofanana na jino kwa rangi: namna ya utomvu uliochanganywa na unga wa silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga. Hapo kwanza dawa za namna hiyo zilikuwa mbili mbili; zikichanganywa, zilianza kuwa ngumu mara moja, na mganga alilazimika kufanya haraka. Taa zilitokea katika miaka ya 1970. Za kwanza zilitoa nuru isiyoonekana kwa macho. Zilizofuata zilitoa nuru ya buluu, itumiwayo hata leo.

Dawa ya leo hukaa laini kama nta, mganga akaitengeneza kwa utaratibu apendavyo. Ndani yake mna kitu kidogo cha rangi ya manjano kinywacho nuru ya buluu. Kikiisha kuinywa, huziamsha chembe za utomvu zishikane kama pete za mnyororo, na kwa sekunde chache dawa huwa ngumu.

Lakini nuru hupungua kadiri izamavyo. Andazi likitiwa katika mafuta yaliyochemka mno, huwa jekundu nje na bichi ndani. Kizibo nacho huweza kuwa vivyo hivyo. Juu hung'aa, na chuma cha mganga kikigonga hulia kama jiwe, kumbe chini dawa ni laini bado. Hapo haikushikamana vema na jino. Mate na vijidudu hupenya ubavuni, na jino huoza tena chini ya kizibo. Mwenye jino hajui neno mpaka siku ya maumivu.

Kwa sababu hiyo dawa ya kawaida hutiwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, na kila tabaka humulikwa peke yake. Tundu la milimita 6 humulikwa mara tatu. (Ziko dawa mpya zikubalizo milimita 4.) Dawa ya rangi nzito huhitaji nuru ya muda mrefu zaidi. Ncha ya taa sharti iwe safi na karibu na jino, jambo lililo gumu kwa magego ya nyuma, hasa mtoto akifunga kinywa kwa hofu.

Mganga naye hutazama kupitia kioo cha rangi ya machungwa, kizuiacho nuru ya buluu isiyadhuru macho yake. Asiye na kioo hicho hugeuza uso, na mkono wake husogea bila yeye kujua, nuru ikaangukia ulimi.

Watengenezao dawa hizo huzijaribu hivi. Huijaza dawa katika tundu la chuma, wakaimulika upande mmoja tu, kisha huitoa na kuikwaruza upande wa pili mpaka sehemu laini iishe. Ikibaki milimita 5, hawasemi kwamba dawa yafaa kwa milimita 5. Hugawanya kwa mbili, wakaandika 2 na nusu. Kwa maana hata ile iliyokataa kukwaruzwa, karibu na mwisho wake haijakomaa.