Sola ya Nyumbani: Itajilipa Baada ya Muda Gani?

Unataka kuweka sola lakini hujui kama itakulipa? Tupige hesabu pamoja.

Tuseme kila siku unatumia shilingi 40 kwa mafuta ya taa na 20 kuchaji simu. Hiyo ni 60. Muuzaji anataka malipo ya kwanza ya 3,000, halafu 50 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 21,250. Gawanya kwa 60: sola itajilipa baada ya siku 355 hivi.

Sasa uliza bei ya keshi. Kama ni 15,000, inajilipa kwa siku 250. Ile tofauti ya 6,250 ndiyo bei ya kulipa pole pole.

Kabla ya kutuma pesa, uliza:

1. Jumla nitalipa ngapi?
2. Nikikosa kulipa, taa zitazimwa?
3. Waranti ya betri ni ya muda gani?

Paneli inaweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri huchoka mapema. Kwa hivyo ukimaliza deni, usiile ile 60 yote. Weka kidogo kila siku, betri mpya isikupate mfuko mtupu.