Kabla Hujanunua Pampu ya Dizeli

Yeyote aliyepata kupeleka gari kuukuu la dizeli kwa mafundi wa jua kali walio jirani na soko la Gakoromone, hapa mjini Meru, anaijua hukumu ambayo aghalabu hutolewa kabla kiti hakijainuliwa wala spana haijashikwa: pampu imekufa, injini imechoka, tafuta nyingine. Hukumu hiyo ilitolewa juu ya HiAce yangu yenye injini ya 3L, gari ambalo kwa miaka mingi limebeba ndizi kutoka Nkubu na Igoji na viazi kutoka Timau. Na kwa kuwa gari hilo hilo leo linapanda kilima cha Mutonga na shehena yake kamili, likiwa na pampu ile ile, naona ni wajibu wangu kueleza jinsi lilivyopona, ili mwenzangu mwenye kipato kidogo asitoe mali yake kwa ajili ya dhana tupu.

Maradhi yalianza asubuhi. Meru iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika baridi ya Julai stata ilikuwa ikizungusha injini hata betri inalegea, ndipo inaposhika kwa taabu, ikipiga misi na kujaza ua moshi mweupe. Baadaye yakaongezeka mengine: katika mpando mrefu nguvu zilikuwa zikikatika ghafla, gari likisitasita mbele ya malori yenye haraka, kisha zikirudi zenyewe nikilegeza mguu.

“Mzee, hiyo pampu imekwisha,” akaniambia fundi wa kwanza, “nikuagizie nyingine Nairobi, na nozeli tubadilishe zote kwa pamoja.”

Nikamwuliza ameipima kwa nini. Akajibu kwamba magari haya wanayajua. Jibu hilo liliniudhi kuliko bei aliyoitaja, na bei yenyewe ilikuwa ya kumfilisi mchuuzi wa ndizi. Siku hiyo hiyo muuzaji mmoja wa spea aliniuzia filta ya dizeli ndani ya boksi lililopigwa chapa nzuri ajabu, lenye jina la kampuni mashuhuri ya Kijapani. Nilipoipasua nyumbani kwa msumeno nikakuta karatasi ya ndani haijagundishwa upande mmoja, hata uchafu ungepita bila kizuizi. Sina ugomvi na kitu cha bei nafuu, kwani ndicho ninachonunua siku zote, lakini kitu kilichovikwa jina lisilo lake ni dhuluma, na anayekiuza akijua hana udhuru.

Basi nitaeleza hatua tatu nilizozifuata. Ya kwanza ni yale ambayo kila mwenye gari anayajua: oili mpya, filta ya hewa iliyo safi, betri yenye nguvu, na plagi za hita ambazo zimepimwa moja moja kwa taa ndogo iliyounganishwa na chanya ya betri, maana plagi nzima huiwasha taa na iliyokatika haiiwashi. Fungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukifoka hapo kwa nguvu, ringi zimechoka na makala hii haitakufaa. Kwangu moshi ulikuwa hafifu mno. Nikatafakari kwamba injini ya aina hii, tangu Rudolf Diesel alipoionyesha ikifanya kazi huko Augsburg mwaka 1897, haihitaji cheche; hewa yake hubanwa, katika 3L zaidi ya mara 20, ikawa moto wa kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa ndani. Maadamu mbano ulikuwa mzima na plagi zilikuwa hai, shaka yote ilibaki katika njia ya dizeli, na njia hiyo ni ndefu kuliko pampu.

Hatua ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Katika gari hili hakuna pampu ya umeme tangini. Ile pampu kubwa iliyo ubavuni mwa injini, ya muundo wa VE ambao asili yake ni Bosch, ndiyo inayojivutia dizeli kutoka nyuma kupitia bomba la chuma, vipande vya mpira, na kichwa cha filta chenye kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Kwa kuwa dizeli inavutwa, ufa mdogo katika njia hiyo hauvujishi hata tone. Huingiza hewa ndani, na fundi anayetafuta unyevu chini ya gari haoni kitu, akaishia kuilaumu pampu. Usiku dizeli hurejea tangini polepole, ndiyo sababu ya taabu ya asubuhi, na mlimani, pampu inapovuta kwa nguvu zaidi, hewa nayo huingia zaidi.

Nikachukua mtungi safi wa lita 5, nikautia dizeli iliyochujwa, nikaufunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti cha dereva ili uwe juu ya injini, ambayo katika HiAce hii imelala chini ya viti vya mbele. Kisha nikanunua mpira mwangavu, ule ambao waashi hujaza maji wakipima usawa wa msingi. Nikaujaza dizeli kwanza, ncha moja nikaizamisha mtungini, ya pili nikaifunga kwa klipu kwenye mdomo wa pampu, nikiiruka filta na njia yote ya nyuma. Na dizeli inayorudi kutoka pampu nikailekeza mtungini humo humo kwa kipande kingine cha mpira huo. Nilipopiga stata mapovu yalipita kwa kitambo, yakapungua, yakakoma, na injini ikatulia. Nikaiacha hivyo usiku kucha. Alfajiri, baridi ikiwa ile ile, ikashika mara moja, nami nilifurahi hata nikamwamsha jirani aje asikilize.

Pampu ikawa imepata baraa. Ikabaki kumtafuta mkosaji, na hapa pana jambo ambalo sijaona fundi akilifanya: kuuhamisha mtungi. Nilirudisha kichwa cha filta njiani, mtungi ukiwa bado juu, na baada ya muda nikaona chini ya kitufe cha mkono tone la dizeli likijikusanya kama jasho la paji la uso. Kwa kuwa sasa dizeli ilikuwa inashuka kwa uzito wake, ufa ule ule uliokuwa ukivuta hewa ulikuwa ukitoa dizeli. Nikaushusha mtungi hadi ardhini, pampu ikalazimika kuvuta tena, jasho likakauka, na katika mpira mwangavu, nikiumulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, mapovu yakaanza kupita mfululizo. Nilipofungua kitufe nikakuta kiwambo cha mpira kinachoonekana kizima kabisa mpaka ukikivuta kati ya vidole viwili, ndipo ufa unapofunuka. Kwa utaratibu huo huo nikagundua kipande cha mpira kilichopasuka chini ya klipu karibu na tangi. Kichwa cha filta nilikipata cha mtumba kutoka Japani, nami ningali nakipendelea kuliko vipya visivyojulikana nasaba. Mpira wa dizeli nilinunua mpya, kwa maana ule wa waashi hukakamaa ukikaa na dizeli na haufai ila kwa kupimia.

Hatua ya tatu ni nozeli. Usizilegeze mwenyewe ukaweka mkono mbele yake, kwa sababu dizeli inayotoka hapo hupenya ngozi. Mimi nilizipeleka Embu kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kupimia, mtu mpole na mwenye insafu, ambaye alinisimamisha kando yake nione mwenyewe: tatu zilipuliza ukungu mwembamba, ya nne ikadondosha. Akabadilisha ncha ya hiyo moja tu, akakataa katakata kunitoza kwa zile nzima, kisha akaniuliza ninajaza dizeli wapi. Akaniambia amezoea kuona pampu zilizokwaruzika ndani kwa dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, kwani pampu ya namna hii hulainishwa na dizeli yenyewe na mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Mchezo huo ulikuwa umeenea hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili usiwe na faida. Tulizungumza hadi adhuhuri, juu ya mafuta, juu ya TD27 za Nissan, ambazo yeye anazisifu kwa kuwa zinaendeshwa kwa gia na hazina mkanda wa taiming wa kukatika, nami nikiitetea 3L yangu.

Katika hilo la mkanda ana haki. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo mtungi na mpira wa waashi havisaidii kitu. Wangu sijui ulifungwa lini na mwenye gari wa kwanza, kwa hiyo nimekwisha kununua mwingine, baada ya kumwomba muuzaji afungue boksi mbele yangu, nao utafungwa kabla ya mvua za Oktoba.