Bando Linapoisha Usiku: Tusianze kwa Kumshuku Mtu

Bando la nyumba likiisha watu wamelala, lawama huanza asubuhi. Lakini ruta iliyowekwa kujiunga yenyewe huitika kifaa chochote kinachoomba intaneti: simu inayopakua masasisho, au kompyuta inayorekebisha saa yake. Enzi za modemu ya waya hasara hii ilihesabiwa kwa dakika; leo ni kwa megabaiti. Basi tupime kwanza.

1. Zima Wi-Fi ya kila kifaa, chomoa nyaya, kisha itazame ruta kwa nusu saa.

2. Ikitulia, rudisha kifaa kimoja kimoja. Kinachoiamsha ndicho chanzo, kizimie masasisho.

3. Isipotulia, fungua ukurasa wa mipangilio, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kagua orodha ya vifaa. Ukiona kigeni, badili nywila. Pasipo kigeni, chagua kujiunga kwa mkono.

Kwetu Sigi, bondeni chini ya Amani, milima hukinga mawimbi, hivyo ruta huweza kukatika na kujiunga tena mara kwa mara. Isogeze dirishani, upande wa mnara.

Baada ya vipimo hivi ndipo tuulizane, tena kwa upole. Bando hununuliwa tena. Jina la mwenzetu likishachafuliwa, kulisafisha ni kazi.