Pedali ya Klachi Inayolia na Kuwa Ngumu



Safari hii somo letu si la mkarafuu wala la kuanika, bali ni la lori linalochukua karafuu. Wengi wetu tunatumia malori ya umri mkubwa, na malalamiko ni yale yale: pedali ya klachi inalia kama mlango wa ghala, tena imekuwa ngumu hata dereva anamaliza safari mguu ukimtetemeka. Watu hulizoea jambo hili, na mimi naona si la kuzoewa.

Wenzetu wakulima wa karafuu na iliki wa Usambara ya Mashariki wanalijua vizuri. Kutoka Amani, penye kimo cha mita 900 hivi, njia hushuka kwa kona nyingi mpaka Sigi, mita 450 hivi. Zamani za Wajerumani reli nyembamba ya kutoka Tengeni ilikomea hapo Sigi, na mwenye kwenda Amani alipanda mlima kwa barabara. Katika mteremko ule dereva hupunguza gia ili injini isaidie breki. Klachi ikimchelewesha, gia ya tatu keshaitoa na ya pili haijaingia, basi lori lenye magunia linateremka halina gia, na breki zikishapata moto hulegea. Vilima vya Pemba ni vifupi, lakini magunia ni mazito vile vile.

Kwanza jueni sauti inatoka wapi. Zima injini, kanyaga pedali polepole, na mwenzio ainame asikilize. Ikilia hali injini imezimwa, ubovu uko kwenye pini, bushi, springi ya kurudisha au viungo vya fimbo. Hiyo ni kazi ya grisi. Kama inalia injini ikiwaka tu, tena unapokanyaga, aghalabu ni beringi ya klachi, na hapana budi giaboksi ishushwe. Lakini kelele ikiwapo mguu ukiwa juu, nayo ikanyamaza ukikanyaga, tazameni beringi ya giaboksi. Asije mtu akawauzia klachi nzima kwa ugonjwa usio wa klachi.

Sasa ugumu. Kwa lori lenye fimbo za chuma, liwekwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yatiwe kabari kabla mtu hajaingia chini. Fungua fimbo inayoshika mkono wa klachi ubavuni mwa giaboksi, kisha sukuma pedali kwa mkono. Ikiwa bado ngumu, imeshikwa na kutu au tope kwenye mhimili wake. Itoe, ioshe kwa mafuta ya taa, piga msasa, tazama bushi kama imelika upande mmoja, tia grisi. Penye chuchu ya grisi, zibua kwanza, maana mara nyingi tope limeiziba na grisi haifiki ndani miaka mingi. Mafuta ya nazi hayafai. Hunyamazisha siku mbili, kisha hukamata vumbi.

Pedali ikiwa nyepesi baada ya kufungua fimbo, ubovu uko chini: uma wa klachi, beringi au presha pleti. Hapo mwite fundi.

Lori la kebo halina maneno mengi. Nyuzi zikianza kukatika, kebo ibadilishwe, isingojewe mpaka ikatikie mlimani.

Lori la mafuta lina hatari yake. Limo lori moja nililoliona, mtu amelitia mafuta ya injini kwenye kikopo cha klachi kwa kuwa mafuta ya breki yalikuwa yamemwishia. Mipira ya silinda ikavimba, pedali ikawa ngumu kama jiwe, na mipira yote ikabidi inunuliwe upya. Tieni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko tu.

Mkishafunga, kwa malori ya fimbo na kebo pimeni nafasi ya pedali kucheza kabla haijaanza kuwa nzito. Kwa mengi ni inchi moja hivi, lakini fuateni kitabu cha gari. Isipokuwapo nafasi, beringi husuguana muda wote na pleti huteleza ikaungua. Lijaribuni tupu, gia zote, ndipo magunia yapakiwe.