Kukata Neno la Sayansi: kwa Maana na kwa Sauti

Mwanafunzi akutanapo na neno la Kiingereza "pterodactyl" katika kitabu cha Bayolojia, aghalabu huliruka. Macho yamelitambua, bali ulimi wakataa. Hastahili lawama, kwani Kiswahili kimemzoeza kusoma kila herufi, kumalizia silabi kwa irabu, na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hakifungwi na kanuni hizo.

Neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: pteron, yaani bawa, na daktylos, yaani kidole. Jina lamfaa mnyama huyo wa kale, maana bawa lake lilishikiliwa na kidole kimoja kirefu. Kwa maana, basi, twalikata ptero-dactyl. Kwa sauti twalikata te-ro-dak-til, mkazo ukiwa kwenye "dak". Herufi "p" haitamkwi, kwa kuwa Waingereza hawaanzi neno kwa sauti "pt".

Sasa tulitazame neno "helicopter". Wengi hudhani limeunganishwa kwa "heli" na "kopta". La! Ni heliko, yaani kilichojisokota kama parafujo, pamoja na pteron lile lile. "P" iliyokuwa bubu sasa yasikika, kwa sababu imetanguliwa na irabu ya kuiegemea: he-li-kop-ta, mkazo ukiwa mwanzoni. Ndivyo ilivyo pia katika Diptera, kundi la nzi na mbu, wadudu wa mabawa mawili. Na katika Tendaguripterus, mtambaazi arukaye wa kale aliyepewa jina hilo mwaka 1999 kutokana na kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Hilo hutamkwa ten-da-gu-rip-te-rus, mkazo kwenye "rip". Mwalimu na aandike ubaoni mikato yote miwili, wa maana juu na wa sauti chini yake.

Iko jozi moja isiyosamehe uzembe. "Hypoglycaemia" ni upungufu wa sukari katika damu. "Hyperglycaemia" ni kuzidi kwake. La kwanza ni hai-po-glai-sii-mi-a, la pili hai-pa-glai-sii-mi-a, na yote mawili yana mkazo kwenye "sii". Tofauti imo katika silabi ya pili peke yake, nayo haina mkazo, hivyo humezwa kwa urahisi. Muuguzi akisikia la pili mahali pa la kwanza, na mgonjwa akadungwa insulini, sukari iliyokwisha kupungua itashuka zaidi, na mgonjwa aweza kupoteza fahamu, hata maisha. Hapo ni heri kusema waziwazi kwamba sukari imeshuka au imepanda.