Viroboto wa Paka na Sababu ya Kurudi Kwao

Mwenye paka aonapo viroboto, jambo la kwanza alifanyalo ni kumshika mnyama na kumwosha. Siku tatu nne mambo huwa salama. Kisha paka huanza tena kujikuna, watoto huamka asubuhi wana vipele miguuni, na mwenye nyumba hunung'unika kwamba dawa aliyouziwa ilikuwa ya uongo. Pengine ilikuwa ya uongo kweli, maana wauzaji wa namna hiyo hawakosekani sokoni. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa njema, ila ilitiwa juu ya paka peke yake, hali viroboto wengi zaidi walikuwa sakafuni.

Yafaa basi tumjue mdudu huyu. Kiroboto aonekanaye sana juu ya paka, na juu ya mbwa pia, ni yule ambaye wataalamu humwita Ctenocephalides felis. Aliyekomaa hukaa katika manyoya na kunywa damu. Siku moja au mbili baada ya kunywa mara ya kwanza, jike huanza kutaga, naye aweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe tena ni laini. Hayashiki katika manyoya, bali huanguka kama punje za chumvi popote paka apitapo, na zaidi pale alalapo: juu ya mkeka, ndani ya gunia, chini ya kitanda.

Kwa muda wa siku 2 hata 10 yai huanguliwa, likatoka buu jembamba lisilo na macho wala miguu, nalo huukimbia mwanga. Huingia katika nyufa za sakafu na chini ya mikeka. Chakula chake kikubwa ni mavi ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu iliyokauka, nayo hudondoka kutoka mwilini mwa paka. Yaani wazazi huwapelekea watoto wao chakula bila wao wenyewe kushuka. Baada ya juma moja au mawili, buu hujifumia kifuko kama cha hariri. Kifuko hicho hunata, kikashikwa na vumbi na mchanga hata jicho lisikitambue.

Hapo ndipo penye siri ya ukaidi wote. Kiroboto akisha kukamilika ndani ya kifuko, hana haraka ya kutoka. Hungoja dalili kwamba mwenye damu yu karibu: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, pumzi ya kiumbe. Asipoipata, aweza kukaa humo miezi kadhaa, na dawa nyingi za kunyunyiza hazimfikii. Ndiyo maana mtu aliyefunga nyumba yake mjini akaenda shambani mwezi mzima pamoja na jamaa zake, akirudi na kufungua mlango, hurukiwa miguuni hata kabla hajatua mzigo wake. Hakuna jirani aliyemfanyia ubaya. Ni vifuko vilivyokuwa vikingoja nyayo zake.

Wako wasemao kuwa dawa fupi ni kumfukuza paka. Sisi hatukubaliani nao. Paka akiondoka, viroboto watokao katika vifuko watawageukia watu, nao panya watapata raha. Tena panya ana viroboto wake, walio wa hatari kupita wa paka. Mwaka 1898, huko Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye achukuaye tauni. Na mwaka 1902, tauni ilipoingia Nairobi, mtaa wa maduka ya Wahindi uliteketezwa kwa moto.

Hata hivyo kiroboto wa paka naye si wa kudharauliwa. Watoto wa paka waweza kunyonywa damu hata wakafa. Ukiona ufizi wa mtoto wa paka umekuwa mweupe, usingoje kesho. Kiroboto pia huchukua mbegu ya tegu. Paka humeza kiroboto anapojilamba, na mtoto mchanga atambaaye sakafuni aweza kummeza vilevile. Vipande vya tegu huonekana kama punje za mchele chini ya mkia wa paka au mahali alipolala.

Ukitaka kujua kama paka wako ana viroboto, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, uangushe uchafu juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vidoadoa vyeusi vikitoa rangi nyekundu kama kutu, hiyo ni damu, na shauri limekwisha.

Kazi ya paka na kazi ya nyumba sharti zianze siku moja. Toa nje mikeka, magunia na matandiko, uyakung'ute mbali na mlango na kuyaanika katika jua kali, kwa kuwa mayai na mabuu hayavumilii ukavu. Nguo zipasazo kufuliwa zifuliwe kwa maji ya moto sana. Fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya vitanda, na taka zichomwe papo hapo, zisiachwe nyuma ya mlango. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi aitumie, maana mtikisiko wake huwatoa viroboto katika vifuko. Mfuko wake utupwe nje mara moja. Sakafu ya udongo isiribwe upya mpaka nyufa zote zizibe. Sakafu ya saruji yenye mipasuko nayo izibwe, kwa maana ufa mmoja watosha kulea mamia ya mabuu.

Paka mwenyewe achanwe kila siku, na kitana kichovywe katika maji ya sabuni ili viroboto wafe. Kwa mtoto wa paka aliye chini ya majuma manane, kuchana ndiko kwema kuliko dawa yoyote. Kwa paka mkubwa ziko dawa za kudondoshea shingoni, kama zile zenye fipronili. Zinunuliwe kwa daktari wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wa paka.

Sasa twafika penye hatari kubwa. Watu wengi huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ile ya mbwa, wakampaka paka wakidhani kuwa mnyama ni mnyama. Ini la paka haliwezi kuvunja sumu nyingine ambazo mbwa huzistahimili. Permethrini, ambayo ni sumu iliyotengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto, humtia paka mitetemeko na kifafa, na mara nyingi humwua. Amitrazi, ambayo hutumika sana katika majosho, haimfai kabisa. Mafuta ya taa nayo humwunguza ngozi, na akiyalamba humdhuru mapafu. Aliyekwisha kupakwa vitu hivyo aoshwe upesi kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha apelekwe kwa daktari. Wazee wengine bado wanaukumbuka unga wa D.D.T. wa miaka ya 1950. Viroboto wa nchi nyingi waliuzoea, na tangu Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 haukubaliwi ila katika kupigana na wadudu waenezao maradhi.

Katika juma la pili au la tatu viroboto wachache wataonekana tena. Hapo ndipo wengi huacha kazi, nao hukosea, kwani hao ndio wale wa vifukoni, na yawapasa watoke ili wafe. Endelea kufagia na kuchana, na kurudia dawa kwa siku zilizoandikwa, kwa muda wa miezi mitatu. Wakizidi kuonekana baada ya hapo, angalia mahali alalapo mbwa, na kama una mbuzi au ndama walalao karibu na nyumba, chunguza na zizi lao, maana kiroboto huyu huwanywa damu hao pia. Uliza na kwa jirani ambaye paka wako humtembelea usiku. Yafaa nyumba zote mbili zifagiliwe na kutiwa dawa katika juma moja.